Nilivyoshuka Lualaba na pirogi, Kindu mpaka Ubundu

Jamani nimefika! Kilomita kama 300 hivi za mto Lualaba, mashariki mwa Kongo, na pirogi, yaani mtumbwi, siku tisa, karibu njia nzima makasia tu. Pale Kindu kila mtu aliniambia bila injini sifiki, nikakodi, dola mia na kitu zikaenda bado mafuta, siku ya pili pangaboi ikagonga mchanga, pini ikakatika, maji yakatusukuma mpaka vichakani. Injini nikairudisha na boti ya mzigo iliyokuwa inapanda, mi nikapata pirogi ya papa mmoja (mzee, kwa Kiswahili cha Kongo) mvuvi na vijana wake wawili.

Mi mtu wa Bagamoyo. Novemba 1874 msafara wa Stanley, yule mzungu mvumbuzi, ulitokea kwetu umebeba Lady Alice, boti ya futi 40, vipande vipande mabegani mwa watu. Tarehe 5 Novemba 1876 wakatoka Nyangwe, mji wa hukohuko Lualaba, pamoja na Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, Desemba yeye akageuza, wangwana, wale watu wa msafara kutoka pwani, wakaendelea na mto. Sifa zote kapewa mzungu, ila usukani wa Lady Alice ulikuwa kwa Uledi, na kiongozi wa wangwana ni Manwa Sera. Hilo linaniuma mpaka leo, ndo maana nilitaka kuuona huu mto.

Sasa siku ya tano pirogi ikapata ufa, maji mpaka kwenye vifundo, kijana anakumba na kopo hachoki, papa anaziba kwa udongo, udongo unatoka. Nikamwambia papa tutie ukingoni. Nikachana mto wangu wa kulalia, nikatoa pamba, nikailoweka kwenye mawese nikaisokota kama utambi, nikaanza kukalafati kama nilivyomuona babu akifanya kwenye dau lake. Patasi sina, nikatumia bisibisi butu na kipande cha gogo, kidogo kidogo, maana ukipiga kwa nguvu ufa unapanuka, na usijaze sana kwani pamba ikilowa inavimba yenyewe. Asubuhi tukaishusha majini. Kavu! Papa akapapasa ule ufa kwa kidole, akaniuliza, “Mutoto yangu, ile kazi ulijifunza wapi?”

Mbele ya Ubundu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, Januari 1877 wale wazee wetu walikata njia msituni wakaiburuta mitumbwi kwa kamba, mi nilipanda pikipiki mpaka Kisangani. Ila kabla sijaondoka papa alinishika mkono akanipeleka kwa shemeji yake, pirogi ina ufa mrefu kuliko wa kwetu. Nikatoa pamba iliyobaki.