Jioni hii Lighthouse

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi Mama Ngina hapa Mombasa, kuna kaka yuwauza kamera ya Nikon P900 iliyotumika nikamwambia sitoi pesa mpaka niijaribu kwa meli. Zoom yake mara 83, ya lenzi yenyewe.

Ikaja meli ya makontena yaingia bandari ya Kilindini.

Nikavuta, nikavuta... wallahi nikamuona baharia ameegemea reli, kikombe mkononi, shati la samawati lapepea! Kwa macho matupu hata hiyo reli huioni jamani.

Ila ukipumua tu picha yatikisika, nikaegemeza viwiko ukutani ndio ikatulia. Na magharibi ilipoingia picha zikaanza chenga, vile vidoa vya giza, hizi kamera sensa zao za kunasa mwanga ndogo.

Moyo ushaipenda. Mlio nayo, usiku mwafanyaje? Niichukue?