Pikapu ya dola 90

Mwezi uliopita nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikimwomba anivumilie, wiki hii hela itachelewa kidogo, nimenunua pikapu. Mama yuko Kihonda, Morogoro. Hata sijarudisha simu mfukoni, akapiga. "Hongera mwanangu! Ni Hilux?" Nikamwambia hapana mama, ni pikapu ya gita. Kimya. Kisha: "Bei gani?" Dola tisini. "Baba, pikapu ya dola tisini si itakuwa haina injini?"

Injini haina kweli. Ina sumaku, na waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara kuwa koili. Ndicho kile kipande kinachokaa chini ya nyuzi za gita la umeme. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya, unashuka na kebo mpaka kwenye amplifaya, watu wanasogeza viti. Mama alisikiliza maelezo yote hayo, akasema haya, lakini Hilux usiisahau.

Kwa wasionifahamu, niko Louisville, Kentucky, mwaka wa saba sasa. Usiku napanga vifurushi ghalani kwenye uwanja wa ndege, mchana nalala, Jumapili napiga solo kwenye kanisa la Kiswahili lililojaa ndugu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura na Kigoma. Wengi wao walipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani, na waliletwa na sebene lao kichwani, ile sehemu ya wimbo ambapo magita yanachachamaa na watu wanacheza. Kisha kuna jamaa wawili wa kazini ambao Alhamisi tukiwa mapumziko hunialika gereji kwao tupige blues na country. Gita ni moja. Mke wangu ameshatoa hukumu: vyumba viwili, watoto watatu, gita moja.

Kwa hiyo gita hilohilo linatakiwa liimbe kama la Kinshasa Jumapili na kukoroma kama la Chicago Alhamisi. Ni la mtindo wa Stratocaster ya kiwanda cha Fender, la bei ya chini, nimelitoa duka la rehani. Shingoni na katikati lina pikapu mbili nyembamba za koili moja, na darajani, pale nyuzi zinapoegemea karibu na mkia wa gita, ile pana ya koili mbili. Hiyo ya darajani ilikuwa imechoka: ukiongeza sauti kidogo inapiga mluzi mpaka watoto wa Sunday school wanaziba masikio. Na kwa mpiga solo, darajani ndipo nyumbani. Pale uzi haupepei sana, kila noti inatoka na ncha yake kama sindano. Sebene bila ncha ni uji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kusoma namba. Kila pikapu inauzwa na kipimo cha ukinzani wa waya wake kwa kiloomu, na mimi nikakisoma kama mtu anayenunua gari kwa kuuliza spidi ya mwisho. Nikaona moja ya mtumba yenye kiloomu karibu 17 na sumaku ya seramiki, muuzaji kaandika "inafanya kila kitu". Nikalipa dola 55. Jina la kiwanda nalihifadhi, maana pikapu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Kanisani kwetu magita ni matatu ukiacha besi. Rithimu anashika Papa mmoja wa Uvira aliyevuka miaka 60, mi-solo, gita la katikati ya rithimu na solo, kijana wa Bujumbura, solo mimi. Jumapili ile tulipoingia kwenye sebene nilijisikia mkubwa. Sauti nene, imeshiba, haikatiki. Baada ya ibada Papa alikuwa anakunja kebo yake taratibu kwenye kiwiko, hanitazami. "Mwana, hii gita yako inapiga kelele sana, haisemi."

Nikamuuliza, Papa, haisemi kivipi? Akachukua gita langu, akapiga noti nne za juu, harakaharaka, zile za kurudiarudia. "Nimepiga ngapi?" Nikasema nne. "Wewe umeona vidole. Funga macho." Nikafumba, akarudia. Kweli bwana, zilikuwa zinashikana mikono. Halafu akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisoma popote: hiyo sauti nene ya kati niliyokuwa nikiringia ni shamba la mi-solo na rithimu. Solo kazi yake ni kukaa juu, kama ndege juu ya paa. Mimi nilikuwa nimeingiza ng'ombe kwenye mahindi ya wenzangu.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, safari hii kwa kuelewa. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, pikapu inatoa umeme mwingi zaidi, lakini sauti za juu zinapungua na za kati zinavimba. Ikisukuma amplifaya mapema, ile tofauti kati ya kugusa kwa upole na kupiga kwa nguvu inabanwa. Kwa roki ndicho wanachotaka. Kiwanda cha pikapu cha DiMarzio kilipotoa pikapu yake ya Super Distortion mwaka 1972, kusudi lilikuwa hilohilo, kuzisukuma zile amplifaya za vali mpaka zilie. Na hizo kiloomu zinadanganya kwa njia nyingine pia: waya ukiwa mwembamba zaidi, namba inapanda hata kama nguvu haijaongezeka kwa kiasi hicho. Pikapu ya JB ya kampuni ya Seymour Duncan inasoma kama kiloomu 16, '59 ya darajani ya kampuni hiyohiyo kama 8, lakini JB haina nguvu mara mbili. Imetengenezwa kwa waya mwembamba kuliko mwenzake. Kwa hiyo namba hizo linganisha pale tu waya na sumaku vinapofanana. Vinginevyo unalinganisha kilo na mita.

Sumaku nayo ina tabia yake. Seramiki ni kali na inabana. Alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, ina madaraja: namba 2 ni laini, namba 5 ina nguvu zaidi na juu inang'aa. Nikaamua nitafute ya wastani, kiloomu 8 hivi, alniko 5. Wanaojua watauliza mbona si zaidi. Nguvu ikipungua unaongeza kwa pedali, kile kiboksi cha kukanyaga, ya dola 40. Ncha ikishamezwa na koili, hakuna pedali itakayoirudisha.

Jambo la pili ambalo lilinichukua muda kuliko la kwanza ni mvumo. Pikapu ya koili moja inanasa umeme wa ukutani na kuvuma nao. Seth Lover wa kiwanda cha magita cha Gibson mwaka 1955 aliomba hataza ya dawa yake: weka koili mbili pamoja, moja sumaku yake igeuzwe na waya wake uende kinyume, mvumo ujifute wenyewe na muziki ubaki. Huku Marekani umeme unakwenda hertzi 60, nyumbani 50, kwa hiyo mvumo wa hapa uko juu kwa semitoni 3 na ushee, yaani hatua 3 ndogo za kinanda na zaidi kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nahisi friji ya hapa inaimba ufunguo usio wake. Sikujua ni nini mpaka nilipopiga hesabu hiyo.

Sasa, ukitaka pikapu moja ifanye kazi mbili, wengi watakwambia "kata koili": unazima koili moja, pana inakuwa nyembamba, sauti inachangamka. Ni kweli. Lakini ukishazima moja, mvumo unarudi, na kanisa letu linakodi ukumbi wenye taa za kufifisha ambazo zinavuma kama mzinga wa nyuki. Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaipuuza. Badala ya koili zote mbili kufuatana kama mabehewa, unaziweka sambamba. Sauti inapungua, inakuwa nyepesi na safi, inakaribia koili moja, na mvumo haupo kwa sababu zote mbili zinafanya kazi. Kwa hilo unahitaji pikapu yenye nyaya nne zinazotoka nje pamoja na ule mtupu wa kwenda adhini, yaani ardhi ya umeme, na nobu ya kuvuta yenye swichi chini yake. Ile yangu ya mtumba ilikuwa na waya mmoja tu. Nunua mtumba ukipenda, ila omba picha ya nyuma kwanza uhesabu nyaya.

Ndivyo nilivyofika kwenye '59, ile pana kidogo inayotengenezwa kwa madaraja ya aina yangu. Nafasi kati ya nyuzi za gita la mtindo wa Gibson na la mtindo wa Fender hazilingani, tofauti ni ya milimita chache, na usipoangalia nyuzi za pembeni zinapita nje ya skrubu zake. Nilipima kwa rula ya mtoto ya shule. Dola 90, na nobu ya kiloomu 500 juu yake.

Usiku wa kuifunga nilitandaza vifaa mezani jikoni: gazeti, chuma cha kulehemia, risasi, bisibisi. Dakika 10 baadaye moshi wa risasi ukaamsha king'ora cha moto kwenye dari, king'ora kikaamsha mtoto, mtoto akamwamsha mama yake. Mke wangu alisimama kwenye kiti akipepea kwa taulo, mimi nimeshika waya mwekundu. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Nilimaliza saa nane usiku. Nikachomeka kebo kwa sauti ya chini kabisa. Sauti ikatoka, lakini nyembamba, dhaifu, na mvumo umejaa. Nobu ya kuvuta haibadilishi chochote cha maana. Nikadhani nimeiunguza kwa joto. Kisha nikakumbuka kitu ambacho fundi redio yeyote wa Morogoro angekifanya kwanza: gonga. Nikachukua bisibisi nikagusa koili ya upande wa daraja. Tok! kwenye spika. Nikagusa ya pili. Kimya. Mita ikasema kiloomu 4 badala ya 8. Koili moja ilikuwa imelala.

Tatizo lilikuwa rangi. Mchoro niliouchapisha ulikuwa wa kiwanda kingine. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa kupeleka sauti, mweusi na mweupe wanaunganishwa. Kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa sauti, mweupe na mwekundu ndio wanaoshikana. Kwa kufuata mchoro wa jirani nilikuwa nimefunga kichwa na mkia wa koili moja pamoja, inazunguka yenyewe kama mbwa anayekimbiza mkia wake. Kijani kwa bahati ni cha adhi kwa wote wawili. Nikayeyusha, nikabadilisha, safari hii dirisha wazi na baridi ya Januari inaingia jikoni. Nikagonga tena. Tok. Tok.

Kuna rekebisho moja ambalo halina gharama na limenisaidia karibu sawa na pikapu yenyewe: urefu wa kuikalisha. Ikiwa karibu mno na nyuzi, sumaku inazivuta na sauti inayumba. Nilibana nyuzi kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, ya mwisho kabisa, nikapitisha sarafu ya senti 5 ya hapa, ambayo unene wake ni kama milimita 2, ipite bila kusugua upande wa nyuzi nyembamba. Upande wa nyuzi nene nikashusha kidogo zaidi. Niliikalisha, nikasikiliza, nikaishusha tena robo mzunguko wa skrubu.

Jumapili nobu ilikuwa juu, koili sambamba. Papa hakuniambia kitu kabla wala baada. Ila tulipoingia kwenye sebene la wimbo wa pili niliona mkono wake unakwenda kwenye amplifaya yake na kupunguza. Kumbe wiki zote zile alikuwa amepandisha ili asikike juu yangu. Kijana wa mi-solo naye akaanza kuniwekea vijibu ambavyo sijawahi kumsikia akivipiga. Labda alikuwa akivipiga siku zote.

Alhamisi gereji nikaishusha nobu, koili zikafuatana, nikakanyaga pedali. Kwa blues inatosha na chenji inabaki. Jamaa mmoja alitaka tujaribu muziki mzito wa metali, hapo pikapu ikaonyesha mpaka wake: ukibana nyuzi za chini kwa kiganja haigongi kifuani kama inavyotakiwa.

Ile ya kwanza, ya kiloomu 17, ipo droo ya jikoni karibu na vijiko. Mtoto wa jirani, darasa la kumi na moja, anapiga hiyo metali ghorofa ya chini yetu, na ameshaisikia kwenye simu yangu. Nimemwambia dola 40. Anasubiri mshahara wake wa Ijumaa, na mke wangu anasubiri nijibu swali lake la kwa nini nimeuza kitu kitakachopiga kelele chini ya kitanda chetu.