Jiwe la kilo moja

Jumamosi, usiku. Duka nimefunga saa kumi na mbili, watoto wamelala, na kiganja changu bado kinakumbuka uzito wa lile jiwe.

Nauza nafaka Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mchele wa Kyela, mchele wa Mbarali, maharage ya njano. Mizani yangu ni ya sahani mbili, niliyoachiwa na mama, na mawe yake ya chuma: kilo, nusu, robo. Wenzangu wengi wameshahamia mizani ya betri. Mimi niling'ang'ania hii kwa sababu mteja anaona kwa macho yake sahani zikilingana, na nilikuwa najivunia hilo.

Chini ya jiwe kuna tundu, na ndani ya tundu imejazwa risasi. Hapo ndipo uzito unaposawazishwa, na hapo ndipo unapogongwa muhuri jiwe likishahakikiwa. Mwezi wa tisa mwaka jana risasi ya jiwe la kilo ilidondoka. Binti anayenisaidia aliiokota sakafuni akaniletea: kipande cha kijivu, kidogo kama gololi, kizito kuliko unavyodhani. Nikamwambia, weka kwenye droo, tutalipeleka Wakala wa Vipimo. Hatukulipeleka. Wiki ile mzigo ulichelewa, wiki iliyofuata ada za shule, kisha mvua. Nataka niandike ukweli hapa, maana hii ni shajara yangu: sikusahau. Kila nilipofungua droo kutafuta chenji nilikiona kile kipande.

Nilizaliwa kwenye Kanisa la Moravian, na bibi mzaa mama alizaliwa humo pia. Wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, na pamoja na Injili walituletea desturi ya neno la siku. Ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: ndugu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba asubuhi kuwapelekea watu mstari wa siku hiyo, na mwaka 1731 mistari ya mwaka mzima ikachapwa kitabu. Nimeipenda sana desturi hii tangu utoto. Neno lilimkuta mtu jikoni kwake, karakanani kwake, kabla hajashika kazi. Na mimi hivyo hivyo, kila asubuhi kabla ya kumimina mchele kwenye masinia, nasoma neno la siku palepale mezani pa duka.

Upepo wa Mbeya mnaujua. Ili kurasa zisifungike, kitabu nakikandamiza kwa jiwe. Jiwe la kilo.

Miezi mitano nimesoma Neno la Mungu likiwa limeshikiliwa na jiwe pungufu, halafu nikamaliza kuomba, nikalinyanyua jiwe lilelile, nikaliweka kwenye sahani nikaanza kupima. Hilo ndilo lililonivunja, na halikunivunja kanisani. Jumatano tulikuwa na ibada ya nyumba kwa nyumba kwa jirani, somo ni Luka 19, Zakayo. Nimelisikia somo hili tangu shule ya Jumapili, tulikuwa tukilichezea igizo, mtoto mfupi kuliko wote anapanda juu ya benchi. Mzee wa kanisa akasoma: "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Mwinjilisti akatueleza kwamba torati, kwa mtu aliyeungama mwenyewe, ilidai arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Ipo Walawi 6. Zakayo hakuombwa mara nne na mtu yeyote. Yesu alikuwa amemwomba nafasi ya kushinda nyumbani kwake, basi. Hesabu ya fedha aliianza mwenyewe.

Usiku ule nami nikaanza yangu. Asubuhi nililiweka jiwe kwenye mizani ya betri ya jirani: gramu 970. Gramu thelathini, nani angeziona? Lakini kwa jiwe lile napima kama kilo arobaini kwa siku. Ni kilo moja na gramu mia mbili kila siku. Siku ishirini na sita kwa mwezi, miezi mitano: kilo 156. Gunia zima na nusu ya gunia! Nikazidisha kwa shilingi 2,800, nikapata 436,800. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Mwaka Mpya nilipeleka bahasha ya shukrani madhabahuni, nikasimama na wenzangu tukaimba, nikalia machozi ya furaha kwamba Bwana amelibariki duka. Leo najiuliza katika ile bahasha noti zipi zilikuwa zangu.

Nabii Amosi aliwasema wafanyabiashara waliokuwa wakiulizana sabato itakwisha lini wafungue ngano wauze, huku wakiipunguza efa, kipimo chao cha nafaka. Zamani nilidhani anawasema watu wasiosali. Kumbe walikuwa wanasali, na wanaitunza sabato, ila mioyo yao iko gulioni.

Alhamisi nililipeleka jiwe, nikarudi nalo limejazwa na kugongwa muhuri. Hiyo ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa watu. Wapita njia siwezi kuwapata. Hao nimeamua sehemu yao iende kwa wajane wa ushirika wetu, mchele wenyewe, si fedha, na nisitajwe jina. Lakini wapo wa kila siku, wa daftari la mkopo. Hao nawajua. Ijumaa na leo nimewaambia mmoja mmoja.

Mume wangu aliniuliza kama ni lazima niseme, au niwaongezee tu kimyakimya. Nililifikiria sana, maana ni mtu wa busara na hakuwa ananitania. Ila kuongezea kimyakimya kungenifanya nionekane mkarimu kwa mali yao wenyewe. Jirani yangu wa upande wa pili naye alikuja amekasirika: "Dada, ukitangaza hivi, kesho wateja watageuza mawe ya soko zima." Ana haki ya kuogopa, ana watoto wanne. Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nimemwombea jioni hii, na biashara yake nimeiombea.

Mteja mmoja, mama ntilie aliyekuwa akichukua kilo kumi kila asubuhi, alinisikiliza, akalipa deni lake lote, akaenda kununua kwingine. Sitamfuata kumbembeleza. Fungu lake nilimpelekea kwa mkokoteni, akalipokea bila kusema neno.

Halafu bibi wa Uyole. Yeye huchukua kilo mbili, tatu, akipata hela ya ndizi. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamweleza yote, nikamwonyesha tundu lilivyokuwa. Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu:

"Na ule wa Krismasi, mwanangu?"

Alichukua kilo tano Krismasi. Nikakumbuka alivyofungua fundo la khanga akahesabu sarafu, na wajukuu wanakuja kutoka Chunya. "Na ule wa Krismasi, bibi."

"Ndiyo maana," akasema. "Nilidhani nimezeeka, sijui tena kukadiria. Wali haukuwatosha. Mimi sikula."

Nilishindwa kuongea. Kwenye karatasi yangu kilo tano zilikuwa gramu 150, shilingi 420. Sikuwa nimeandika sahani moja ya wali, siku ya Krismasi, kwa mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Nilipiga magoti palepale kwenye pumba, nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani, hakusema amenisamehe. Akasema inuka, watu wanasubiri.

Nikampimia fungu lake mara nne. Kisha akatoa hela yake, akataka kilo moja ya kununua. Nilipotaka kuweka jiwe, alinyoosha mkono akalichukua. Akaligeuza, akaingiza kidole kwenye tundu, akaipapasa risasi mpya na alama ya muhuri, polepole, kama mtu anayemkagua mtoto meno. Akanirudishia.

"Pima," akasema.