Leo mama amesema

Miezi saba mama anameza warfarini ili damu isimgande, na kila akipimwa majibu yanakuja tofauti. Mara damu nyepesi mno, mara inaganda upesi. Dozi inapandishwa, inashushwa. Mimi nilijua anachemsha mizizi na kuinywa kila jioni. Akiulizwa kliniki alijibu, "Ni hivi vidonge tu."

Daktari wa kwanza aliposikia habari za mizizi alimkaripia mbele ya wagonjwa wengine, akaiita ushirikina. Mama hakuacha kunywa. Aliacha kusema. Nami nikanyamaza pamoja naye, jambo linaloniuma hadi sasa, maana angeweza kuvuja damu ndani kwa ndani na sisi tunatazama.

Daktari wa leo ameuliza hivi: "Mama, wengi wanaokuja hapa wana pia dawa ya nyumbani. Wewe unatumia ipi?" Mama akanitazama kwanza, kisha akaeleza yote, hata vikombe. Daktari akaandika. Hakuisifu mizizi, wala hakuicheka. Akasema ipo mimea inayozidisha nguvu ya warfarini na ipo inayoipunguza, na huu haujui, basi apumzike kuunywa wiki mbili, apimwe tena, aje na kipande.

Madaktari wana sababu ya kuogopa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa dawa ya kupunguza unene iliyokuwa na mmea wa Aristolochia. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo atapata wapi sauti ya upole?

Lakini kidonge cha pili cha mama, cha moyo, ni digoksini, na kisa chake nakipenda sana. Huko Uingereza daktari William Withering aliulizwa maoni kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja, mchanganyiko wa mimea kama 20, iliyotibu watu waliovimba mwili kwa maji. Hakuidharau. Alichambua mchanganyiko, akautambua mmea mmoja wenye nguvu, foxglove, akaujaribu kwa wagonjwa takriban miaka 10, akiandika hata waliodhurika, na mwaka 1785 akachapisha yote. Digoksini hutoka kwenye mmea wa jamii hiyohiyo.

Njiani nilimsimulia mama. Akauliza, "Bibi huyo aliitwa nani?" Sikuwa na jibu.

Jioni hii hakuna kilichochemshwa. Kipande cha mzizi amekifunga kwenye karatasi, amekiweka juu ya kadi yake ya kliniki.