Kabla hamjaleta tepu, waulizeni wachimba ming'oko

Juzi nilikua Liwale kwenye kikao cha kijiji kuhusu msitu wao wa hifadhi na mpaka leo kile kikao hakijanitoka kichwani. Wataalamu walikuja na viashiria vyao, yaani vitu vya kuangalia ili kujua msitu uko salama au unaisha, vimeshachapwa kabisa, miti mingapi kwa hekta, unene wa shina kwenye usawa wa kifua yaani mita 1.3 toka chini, miche mingapi imeota, na wanakijiji kazi yao ilikua kunyoosha mikono. Wakanyoosha. Mwenyekiti akawa anataka kufunga.

Ndo akasimama mama mmoja wa nyuma kabisa, akasema wanangu hivyo vyenu sijavikataa, ila mimi najua msitu umechoka nikienda kuchimba ming'oko, zamani nilikua nachimba hapo nyuma ya shule tu, sasa hivi natoka alfajiri narudi saa nane. Kwa wasiokua watu wa kusini, ming'oko ni mizizi ya porini tunachemsha tunakula, na shamba likigoma ndo inatuvusha. Aisee ukumbi wote ukaamka! Mzee wa asali akasema yeye anaangalia mizinga mingapi nyuki wameingia wenyewe. Vijana wa doria wakasema wao wanahesabu visiki vibichi vya mninga na mpingo kila wakizunguka. Mwingine akataja kisima na mwezi kinaokauka. Lisaa limoja tu, na vyote hivyo mtu anaweza kuvifuatilia bila gari wala posho, maana tunajua mradi ukiisha tepu ya kupimia miti na jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, vinaenda kukaa kabatini kwa mtendaji.

Na wale wanakijiji tunawaita wadau kama vile wamealikwa, wakati Sheria ya Misitu ya 2002 imewapa kijiji haki ya kutenga msitu wao, kuandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na hela ya mavuno inabaki kijijini. Sasa mwenye mali anapimiwaje mali yake kwa kipimo ambacho hajakichagua?

Ila sitaki kusema tepu itupwe, hapana. Mpingo unakua polepole mno, miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa, hakuna jicho la mtu mmoja linaloweza kuona mabadiliko ya hivyo, lazima vipimo viandikwe mjukuu aje avikute. Na soko nalo lina masharti yake: Kikole na Kisangi kule Kilwa walipata cheti cha FSC, kinachothibitisha mbao zimetoka msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa kukubali kukaguliwa kwa vigezo vya kimataifa. Tena kupima sio kazi ya wasomi peke yao, watu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliwafundisha wanakijiji wa jirani na msitu wa Kitulangalo, Morogoro, kupima miti yao wenyewe mpaka kaboni iliyohifadhiwa ndani yake, na waliweza vizuri tu. Kwa hiyo ming'oko na tepu vikae kwenye daftari moja, ila la ming'oko liulizwe kwanza, maana ukishamwekea mtu karatasi iliyochapwa mbele yake anaona kila kitu kimeshaamuliwa, anakaa kimya.

Kilichoniuma zaidi ni ambao hawakuwepo. Wafugaji wanaopitisha ng'ombe mle msituni hakuna aliyewaita, na nilipouliza nikajibiwa "hao ndo tatizo lenyewe". Sasa kiashiria cha malisho tutakichagua na nani, na nani atakiheshimu? Kinamama nao walikua wachache mno kwa sababu kikao kiliwekwa saa nne asubuhi, muda ambao wako shamba.

Nimemuomba bwana misitu kikao kinachofuata kiwe jioni, kinamama wakae peke yao kwanza kabla ya kuungana na wengine, na siku moja kabla twende wenyewe mpaka kwenye maboma ya wafugaji. Kinamama amekubali. Maboma bado anafikiria, ila mimi nitaenda hata kwa bodaboda.