Mwenye nyumba Ufaransa akidai "caution", anataka pesa au mtu?

Matangazo ya nyumba Ufaransa hubana maneno: "Loyer 520 € charges comprises, caution 1 mois, caution solidaire exigée." Yaani kodi euro 520 pamoja na gharama za huduma (charges), caution ya mwezi 1, na caution solidaire ni lazima. Neno moja limetajwa mara mbili, na kila mara linadai kitu tofauti. La kwanza ni pesa ya kuweka. La pili ni mtu atakayelipa ukishindwa. Programu ya kutafsiri yaweza kukupa "deposit" kote kuwili, au "caution" ya Kiingereza, yaani tahadhari. Mgeni huandaa pesa, kisha maombi yake yanakataliwa kwa kukosa mdhamini. Hata "dhamana" yetu haisaidii hapa, kwa kuwa nayo hubeba maana zote mbili. Sema amana na mdhamini.

Amana kisheria huitwa dépôt de garantie, ingawa hata madalali husema caution. Kwa sheria ya tarehe 6 Julai 1989, kwa nyumba isiyo na samani haivuki kodi ya mwezi 1. Yenye samani, miezi 2. Hesabu hufanywa bila charges: kama katika zile euro 520 kuna 40 za maji na usafi wa ngazi, kipimo ni 480. Kwenye mkataba wa bail mobilité, ule wa mwezi 1 hadi 10, amana hairuhusiwi kabisa.

Inarudi lini? Ndani ya mwezi 1 baada ya kukabidhi funguo, kama état des lieux ya kutoka (hati ya hali ya nyumba) inalingana na ya kuingia. Miezi 2 zikitofautiana. Mwenye nyumba akichelewa, wewe ndiye unayemdai sasa: asilimia 10 ya kodi bila charges kwa kila mwezi ulioanza. Lakini kama kuchelewa kumetokana na wewe kutompa anwani yako mpya, nyongeza hiyo huipati, kwa hiyo mwachie kwa maandishi. Pesa nyingi hupotea siku ya kuingia, pale mtu anaposaini hati bila kutazama ukungu nyuma ya kabati. Una siku 10 za kuomba marekebisho. Na ile tabia ya nyumbani ya kusema "depoziti ikae iwe kodi ya mwezi wa mwisho" huku hairuhusiwi.

Sasa mtu. Huitwa caution au garant, na hapo neno la kuchunguza ni linalofuata. Kwa caution simple, mwenye nyumba humfuata mpangaji kwanza. Kwa caution solidaire anaweza kumdai mdhamini moja kwa moja, tangu kodi ya kwanza isiyolipwa. Karibu wote hudai solidaire. Kabla binamu hajakusainia, asome kiasi na muda: pasipo muda anaweza kujitoa wakati wowote, ila atabaki amefungwa hadi kipindi cha mkataba kinachoendelea kiishe.

Sheria inakataza kumkataa mdhamini kwa sababu si Mfaransa au haishi Ufaransa bara. Kwa vitendo, hati ya mshahara wa mzazi aliye Mwanza huwekwa kando kimyakimya. Dawa ni Visale, udhamini wa bure wa Action Logement (shirika la makazi la Ufaransa), ulio wazi kwa wanafunzi na vijana wa miaka 18 hadi 30. Omba cheti kabla ya kusaini mkataba; baada ya hapo umechelewa.

Mkataba wenyewe ni bail, na hapa Kiingereza kinapindua mambo. "Bail" ya Kiingereza ni dhamana ya mahakamani, ambayo Wafaransa huiita caution. Ukiandika hati kwa Kiingereza, bail iwe "lease", amana "security deposit", mdhamini "guarantor". Ukisikia "ça fait un bail", mtu anasema siku nyingi hamjaonana tu. Na habari iliyo "sujette à caution" ni ya kutiliwa shaka.

Ukikodi ukumbi wa harusi utaombwa chèque de caution, yaani cheki ya amana. Wanakuahidi haitapelekwa benki. Usiitegemee ahadi hiyo: cheki hulipwa inapowasilishwa, hata ukiandika "caution" mgongoni, na hudumu mwaka 1 na siku 8. Pesa iwepo kwenye akaunti.

Ukivuka mpaka, usibebe kanuni za Ufaransa. Uswisi amana ya nyumba inaweza kufika miezi 3, lakini hukaa benki kwa jina la mpangaji. Kwa ndugu kutoka Goma au Bujumbura wanaoelekea Québec, mambo ni mepesi zaidi: mwenye nyumba hawezi kukulazimisha kuweka amana. Anachoweza kudai mapema ni kodi ya mwezi wa kwanza tu. Caution huko ni mtu.