Tisa Desemba nikiwa mbali

Jana ilipogonga saa nne usiku hapa Berlin, nyumbani Tanzania ilikuwa saa sita kamili, Siku ya Uhuru imeingia. Tulikuwa wanne chumbani kwangu. Tukasimama, tukaimba wimbo wa taifa, beti zote mbili. Kwenye "Mungu ibariki Tanzania" sauti ilinikatika.

Jirani Mjerumani akabisha hodi, akauliza tunasherehekea nini. Nikamsimulia usiku ule wa 1961: Tanganyika inakuwa huru, Luteni Alexander Nyirenda yuko kileleni Kilimanjaro na Mwenge na bendera. Sikuwahi kumsimulia mtu asiyeijua kabisa habari hii, na mwili ulinisisimka.

Baadaye nikampigia mama. Alikuwa macho, ananisubiri.